Mchi wa bibi na sauti iliyochelewa

Nilimrekodi bibi kwa simu pale Pangani, uani chini ya mwembe, akitwanga kisamvu huku akinieleza jinsi mama yake alivyomfundisha kupika. Dakika 70 bila kukatiza. Shangazi aliyeko Muscat alikuwa akiulizia kila siku, lakini faili lilikaribia gigabaiti 9, nami nikaona niligawe vipande vya dakika tano tano.

Nikalipitisha kwenye programu ya bure ya kubadilisha na kukata video. Vipande vya kwanza havikuwa na tatizo kubwa. Cha mwisho kiliniumiza: bibi ameshaulaza mchi, anajifuta jasho kwa pindo la kanga, na kinu bado kinalia. Sauti imechelewa sekunde nne nzima. Tena kila kipande kilianza na picha iliyoganda huku bibi anaongea. Sikuwa tayari kumtumia shangazi kumbukumbu ya mama yake ikiwa hivyo.

Nilijaribu kuivuta sauti mbele kwa sekunde nne. Mwisho ukakaa sawa, mwanzo ukaharibika. Basi nikafungua video nzima iliyobadilishwa kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ambako herufi J na K husogeza sauti milisekunde 50 kila ukibonyeza. Mwanzoni hapakuhitaji kusogezwa kitu, katikati ilitaka sekunde mbili hivi, mwishoni nne. Ingekuwa pengo ni lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, kusogeza mara moja kungetosha. Hili lilikuwa linakua.

MediaInfo, programu inayosoma taarifa za ndani ya faili, ikanionyesha chanzo: katika faili la simu, idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde haikuwa ile ile muda wote. Simu nyingi hufanya hivyo, hasa mwanga ukipungua, na pale chini ya mwembe kivuli kilikuwa kinakuja na kuondoka. Wastani ulikuwa fremu 29.97 kwa sekunde, lakini ile programu ilizipanga kana kwamba ni 30 kamili. Picha zikawa zinakimbia kidogo kuliko sauti. Ni sekunde 3.6 kwa kila saa, yaani 4.2 kwa dakika 70. Ndizo zile nne zangu.

Kuganda kulikuwa na sababu nyingine. Video haihifadhi kila fremu kama picha nzima. Nyingi hubeba mabadiliko tu kutoka fremu za jirani, na picha kamili huja mara moja moja. Ukikata bila kuisimba upya video, yaani bila kuzitengeneza picha zake upya, na mahali pa kukata pakawa katikati ya picha mbili kamili, sauti huanza papo hapo na picha hungoja.

Nilirudi kwenye faili la simu lenyewe, nikatumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwanza kubadilisha, kisha kukata, kwa mpangilio huo huo:

ffmpeg -i bibi.mp4 -vf "scale=-2:720,fps=30" -c:v libx264 -crf 22 -force_key_frames "expr:gte(t,n_forced*300)" -c:a aac -af aresample=async=1 bibi30.mp4

ffmpeg -i bibi30.mp4 -c copy -f segment -segment_time 300 -reset_timestamps 1 kipande%02d.mp4

Sehemu ya fps=30 hurudia au huacha fremu ili kila moja ionekane kwa wakati wake halisi, na aresample huziba mianya ya sauti. Ninayoipenda zaidi ni ile force_key_frames: inaweka picha kamili kila sekunde 300, pale pale nitakapokata. Kwa hiyo amri ya pili inakata bila kuipunguzia video ubora tena. Asiyependa kuandika amri anaweza kufanya hatua ya kwanza kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video yenye vitufe vya kubonyeza, akichagua idadi ya fremu isiyobadilika.

Kompyuta yangu ni ya zamani, ikafanya kazi karibu usiku kucha. Asubuhi nikafungua kipande cha mwisho kabla ya vingine vyote. Mchi ukashuka, kinu kikalia pamoja nao. Bibi alipoulaza chini, ua ukanyamaza. Vyote 14 nikamtumia shangazi siku hiyo hiyo.