Nilivyochagua oili ya injini ya boti yangu, Mafia

Injini yangu ni Yamaha Enduro ya farasi 40, tu-stroke, yaani ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, niliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa mvuvi wa hapa Kilindoni. Boti ni ya faiba, futi 23. Kuanzia Oktoba hadi Februari napeleka wageni kuona papa potwe. Miezi mingine boti inakwenda kuvua kwa mishipi. Kazi hizi mbili nazitaja mapema kwa sababu ndizo zilizoamua oili ninayotumia. Mwenye boti ya kuvusha abiria, anayefungua moto, yaani kuikimbiza injini kwa nguvu, mwanzo wa safari hadi mwisho, anaweza kuchagua tofauti na mimi na akawa sahihi.

Misimu miwili ya mwanzo nilitumia oili ya kupima. Muuzaji alikuwa na pipa, anakujazia kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Nyekundu, inanukia vizuri, bei nafuu. Wapasuaji mbao walinunua pipa lile lile kwa ajili ya misumeno yao ya mnyororo, nami sikuona tatizo: msumeno ni tu-stroke, injini yangu ni tu-stroke.

Kumfuata potwe si kazi ya mwendo. Unafika pale anapokula, unapunguza moto mpaka sailensa, mzunguko wa chini kabisa wa injini, unakaa naye mbali kidogo, unazima wageni wanapoingia majini, unawasha tena. Saa mbili, tatu, injini haijapata joto la kutosha hata mara moja. Plagi zikaanza kulowa na kuwa nyeusi tii. Nilikuwa nabeba plagi nne za akiba na ufunguo wake mfukoni, nikidhani ndivyo injini hizi zilivyo.

Asubuhi moja ya Januari, bahari shwari, nina wageni sita, injini ikazima na ikakataa kuwaka. Nikabadilisha plagi, wapi. Ila kilichonitisha ni kamba ya kuwashia: ilikuwa nyepesi mkononi. Injini yenye mgandamizo mzuri inakuvuta mkono ukivuta kamba. Hii ilikuja kama uzi. Tulivutwa na boti ya mwenzangu hadi pwani, nikawarudishia wageni pesa yao yote. Wiki mbili za msimu bora zikapita injini ikiwa juu ya benchi la fundi.

Fundi wangu ni mzee aliyefungua injini za boti tangu sijazaliwa. Alipotoa kichwa cha silinda hakusema neno. Alichukua kijiti akakwangua juu ya pistoni, likabanduka gamba: chini jeusi, juu la kijivu kama majivu ya mkaa. Ringi za pistoni ya juu zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake, hazichezi kabisa, na matundu ya kutolea moshi yalishaanza kuzibika.

"Nahodha, unaweka oili gani humu?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hii ni oili ya mashine inayopozwa na upepo, mwanangu. Yako inapozwa na maji ya bahari."

Tofauti hiyo sikuwa nimewahi kuelezwa. Msumeno na pikipiki nyingi za tu-stroke zinapozwa na hewa, kwa hiyo zinachemka sana, na oili yake hutiwa dawa za kusafisha zenye madini zinazostahimili joto hilo. Zikiungua zinaacha majivu. Injini ya boti inavuta maji ya bahari muda wote, haifikii joto lile. Majivu yanabaki juu ya pistoni na kwenye plagi, yanajenga gamba, na gamba likipata moto linaweza kuwasha petroli kabla ya plagi. Oili ya boti imetengenezwa bila majivu hayo. Dawa yake ya kusafisha ni ya namna nyingine. Na kumbuka kwamba tu-stroke haina sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili inaingia na petroli, inalainisha beringi, pistoni na silinda, kisha inaungua hapo hapo na kutoka na moshi. Ulichomwaga kwenye dumu lazima kipite kwenye moyo wa injini.

Alama ya kutafuta kwenye chupa ni TC-W3. Ni kiwango cha NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, na herufi TC-W maana yake ni tu-stroke inayopozwa kwa maji. Chupa ya kweli huwa pia na namba ya usajili inayoanza na RL. Chupa iliyoandikwa viwango vingine, JASO FC au FD pekee, au API TC pekee, hata iwe sintetiki (oili iliyoundwa kwa kemikali kiwandani) ya bei mbaya, ni ya pikipiki na misumeno. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wenzangu wakitoa pesa nyingi kwa neno "sintetiki" na kuacha kuangalia herufi hizo.

Baada ya kufunga ringi mpya, fundi alinitaka nianze na TC-W3 ya kawaida, petroli 25 kwa oili 1 kwa saa kumi za mwanzo, bila kufungua moto wote kwa muda mrefu. Halafu nikarudi kwenye kipimo cha kila siku cha injini hii, 50 kwa 1.

Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipoanza, maana dukani Dar zilikuwapo chupa tatu, zote TC-W3: ya kawaida kwa shilingi 12,000 lita moja, nusu sintetiki kwa 17,000, na sintetiki kamili kwa 30,000. Ukitazama bei ya chupa unaogopa. Mimi nilihesabu kwa dumu. Dumu la lita 20 kwa 50 kwa 1 linataka mililita 400 za oili: shilingi 4,800 kwa kawaida, 6,800 kwa nusu sintetiki, 12,000 kwa sintetiki kamili. Siku ya potwe natumia kama dumu moja.

Nikaanza na ya kawaida miezi ya mishipi, na sina lawama nayo. Ukienda mbali, injini inapumua, gamba halipati nafasi. Msimu wa potwe ulipoingia nikaona plagi zinaanza tena kuwa nyeusi, si kama zamani, lakini kila siku ya nne au ya tano nilikuwa nazitoa kuzisafisha.

Nikaagiza sintetiki kamili, ikaja na boti ya Nyamisati. Niseme ukweli, ilinifurahisha. Moshi wa bluu ulipungua kiasi kwamba wageni waliokaa nyuma hawakuhama tena mbele. Injini ilikaa sailensa bila kukohoa. Plagi zilikaa wiki nzima bila kuguswa, zikitoka na rangi ya kahawia. Jambo moja haikuliondoa: ule utando wa rangi rangi juu ya maji. Tu-stroke za kabureta zinatupa nje sehemu ya petroli kabla haijaungua, oili iwe ya dhahabu. Dawa ya hilo pale kwa potwe ni kuzima, na mimi nazima mapema.

Kilichonishinda ni mfuko, na pia upatikanaji. Mara mbili iliisha kisiwani katikati ya wiki. Hapo nikajaribu nusu sintetiki, ambayo ndani yake ni oili ya kawaida iliyochanganywa na sintetiki kiwandani. Moshi ulikuwa mwingi kidogo kuliko sintetiki kamili. Plagi zilikaa karibu sawa. Tofauti na ile ya kawaida ni shilingi 2,000 kwa dumu, chini ya bei ya plagi moja. Nikabaki hapo.

Kosa moja karibu nilifanye. Muuzaji aliniambia sintetiki ni kali, kwa hiyo niweke nusu, 100 kwa 1, na bei itajilipa. Nilimuuliza fundi kwanza, nashukuru nilimuuliza. Kipimo kinaamuliwa na aliyetengeneza injini, kwa ukubwa wa beringi zake na kabureta zake. Zipo injini zilizotengenezwa kwa 100 kwa 1. Hii yangu ni 50. Ukipunguza oili unapunguza kilainishi chenyewe, na beringi hazijui kwamba ulinunua chupa ya gharama.

Siku hizi nachanganya mwenyewe, simwachii baharia wangu ingawa namwamini kwa mambo mengine yote. Nusu ya petroli kwanza, oili mililita 400 kwa kikombe chenye mistari, natikisa dumu, namalizia petroli, natikisa tena. Sipimi kwa kifuniko wala kwa jicho. Nachanganya ya siku mbili tu, maana petroli iliyokaa inaharibika na oili yoyote haiiokoi. Siku za potwe, tukirudi, nafungua moto dakika kumi mfululizo nje ya bandari kabla ya kuingia. Hilo nililifundishwa na fundi yule yule, kuchoma kilichojikusanya asubuhi nzima.

Machi iliyopita, baada ya msimu wa pili wa nusu sintetiki, nilimpelekea injini aifungue, ingawa haikuwa na ugonjwa wowote. Nilitaka kuona. Juu ya pistoni palikuwa na weusi mwembamba, unafutika kwa kitambaa chenye petroli. Akabonyeza ringi moja moja kwa ukucha, zote zikaingia na kurudi. Akanipa plagi nishike, akafuta mikono, akaniambia nimletee gasketi mpya ya kichwa ili afunge.