Siku moja na maji magumu ya Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Niko Katuba, nakunywa chai. Ndani ya birika kuna ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai. Maji ya foraji nyingi hapa, yaani visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, hupita kwenye miamba ya dolomiti, huku yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Yakichemka, chokaa inaganda.

Saa 2. Mtaa wa Golf. "Papa fundi, mashine ya kulainisha maji imekufa. Sabuni haitoi povu tena!" Nachota maji yaliyotoka kwenye mashine, natia dawa, yanakuwa mekundu kama mvinyo. Nadondosha matone nikihesabu mpaka yageuke buluu: 31. Kila tone ni digrii moja ya Kifaransa ya ugumu wa maji, yaani miligramu 10 za chokaa kwa lita. Maji ya foraji nayo: 31. Kwa hiyo mashine haifanyi kitu.

Nafungua pipa la chumvi. Tupu.

"Mama, ndani ya tangi hili kuna vipunje vya rezini, vidogo kama mbegu za lengalenga. Vimebeba sodiamu. Kalsiamu na magnesiamu vikipita, rezini inavishika, inaachia sodiamu. Ikishajaa, lazima ioshwe kwa maji ya chumvi kali ili chokaa itoke, iende kwenye mfereji. Bila chumvi, haioshwi."

Aliyemuuzia alimwambia mashine inasafisha maji ya kunywa. Hilo linaniuma sana. Haiui hata bakteria mmoja! Ya kunywa aendelee kuyachemsha.

Saa 4. Soko la Kenya, gunia la chumvi ya kilo 25. Narudi, naimwaga, nangoja iyeyuke. Umeme ulipokatika juzi saa ya mashine ilipotea, ikawa inajiosha mchana watu wakifua. Nairekebisha iwe saa 8 usiku, ila leo naiwasha ijioshe sasa hivi.

Saa 8 mchana. Natoa rezistansi, chuma cha umeme kinachopasha maji, ya mtungi wa maji moto. Chokaa imeivika koti zima. Umeme unapasha mawe kwanza, maji baadaye. Ndiyo hasara kubwa kuliko sabuni.

Mama mkwe wake ana presha, daktari amemkataza chumvi. Sodiamu inayoachiwa na rezini ni ile iliyomo kwenye chumvi. Basi bomba la jikoni naliunga moja kwa moja na foraji, lisipite kwenye mashine.

Saa 10 na nusu. Rezini imeshaoshwa. Nachota tena maji ya bafuni, nakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, Mama ameinama pembeni yangu.

Tone la kwanza tu, buluu.