Mashine ya kukaushia ilipokataa joto, sikukubali dairekti

Watu hunicheka: Dodoma hii, na jua lote hili, mashine ya kukaushia nguo ya nini? Wangekuwa na kalojing, kanyumba ka wageni, kama kangu huku Kisasa wangenielewa. Upepo wa kiangazi ukianza, shuka jeupe unalianika saa nne, saa sita unalianua limekauka kweli, ila limegeuka rangi ya udongo. Unafua upya. Ndiyo maana nilinunua mashine ya mtumba, ya wati 2,500.

Mwezi wa sita, Bunge la bajeti, vyumba vimejaa. Nikazungusha taulo saa nzima na nusu, nikazitoa zimelowa vilevile, za baridi. Pipa linazunguka, feni inavuma, joto hakuna.

Kilichonifungua macho ni mita ya LUKU. Ile taa yake ndogo nyekundu hupepesa kulingana na umeme unaotumika. Mashine ikiwa na joto, inapepesa mfululizo. Siku hiyo ilipepesa mara moja ikatulia, mpaka nikadhani imezima, kisha ikapepesa tena. Hapo nikajua hita haili umeme kabisa.

Fundi mmoja aliniambia kwa simu tu, bila kuiona, kwamba elementi, yaani ile hita yenyewe, imeungua, nitume hela aagize Dar. Sikutuma. Nikamwita mtoto wa dada yangu anayesomea umeme, akaja na mita yake ya kupimia.

Tulichomoa plagi, maana kuzima swichi peke yake hakutoshi, tukafungua mgongo wa mashine. Akavuta waya mmoja kutoka kwenye elementi, akapima ukinzani wake: omu 21. Hesabu yake ni rahisi: volti 230 mara 230, gawanya kwa wati 2,500, unapata 21 na kidogo. Elementi nzima! Ingekuwa imekatika, mita isingesoma kitu. Akapima pia kati ya elementi na bodi ya chuma ya mashine, hakuna mahali pa umeme kuvuja.

Zikabaki thermostati mbili, vidude vya kudhibiti joto, zilizobanwa karibu na hita, kila moja ukubwa wa kizibo cha soda. Ya kwanza mita ikalia, yaani umeme unapita. Ya pili kimya. Hiyo ya kimya ilikuwa na kitufe chekundu katikati.

"Mama mdogo, niiunge dairekti? Dakika mbili tu."

"Wewe! Wageni wangu nikawalaze juu ya jiko?"

Akacheka, lakini sikuwa natania. Kile kidude kazi yake ni kukata umeme joto likizidi. Ukikiruka kwa waya, mashine itakausha, tena vizuri sana, mpaka siku itakapowasha pamba ya taulo iliyojaa ndani. Mimi nilitaka kujua joto lilizidi kwa nini.

Kichujio nakisafisha kila siku, hapo sina deni. Tukaisogeza mashine kutoka ukutani. Bomba la kutolea hewa lilikuwa limejikunja kama goti! Nikakumbuka: wiki iliyopita niliisukuma nyuma ili magunia mawili ya mchele yapate nafasi. Mkosaji ni mimi mwenyewe.

Nikaingiza mkono kwenye bomba. Pamba ya taulo, vumbi jekundu na unyevu vilikuwa vimeshikana kama tope, nikavivuta vikatoka kipande kimoja kirefu kama soksi. Hewa ya moto ingepitia wapi?

Tulisafisha bomba, tukalinyoosha, tukafyonza vumbi kuzunguka hita. Kijana akabonyeza kile kitufe, kikasema "tik", akapima, mita ikalia. Angebonyeza bila kusafisha, kingekata tena siku ileile. Na kama kingekata hata baada ya usafi, ningebadilisha thermostati yenyewe kwa ya kiwango kilekile.

Magunia yamehamia stoo. Tulipochomeka plagi nilikwenda moja kwa moja kwenye LUKU: taa inapepesa mfululizo, yuniti zimebaki nne. Nikamtuma kijana akanunue umeme kabla taulo hazijakauka.