Kulipia kulala jela? Sisi tulipiga hema

Huku Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mtu akikuambia babu wa babu yake aliletwa kwa pingu kwa kuiba kondoo, anakuambia huku anatabasamu. Zamani ilikuwa aibu ya kufichwa. Siku hizi wanapekua orodha za meli, na wakimpata mfungwa wao ni shangwe. Hadi 1853 Waingereza walikuwa wameshusha hapa wafungwa wapatao 75,000.

Basi likizo ya shule tukaenda kupiga kambi Maria Island. Kutoka Hobart, mji mkuu wa huku, ni mwendo wa saa moja na ushee hadi Triabunna, unaacha gari, unapanda boti. Kisiwani hakuna duka, kwa hiyo unabeba mpaka chumvi. Mama watoto alibeba unga wa sembe na dagaa wa kukaanga, na sufuria ya ugali ikabidi ipate kiti chake botini.

Pale Darlington, kisiwani humo, palikuwa kambi ya wafungwa mara mbili: 1825 hadi 1832, tena 1842 hadi 1850. Jengo la matofali walimolala bado limesimama, na vyumba vinakodishwa: vitanda vya deka, jiko la kuni, umeme hakuna. Wenzetu wanalipa walale jela kwa raha zao! Mimi nikasema hapana, tukasimika hema kwenye majani. Watoto historia hawakuwa na habari nayo. Wao ni wombat tu, mnyama mnene wa miguu mifupi anayekula majani hadi mlangoni pa hema, na kinyesi chake, amini usiamini, kina pembe nne. Walikiokota. Mama yao alipiga kelele.

Kilichonishika mimi ni kaburi la Hohepa Te Umuroa. Huyu hakuwa mwizi wa London. Ni Mmaori, mwenyeji wa asili wa New Zealand, kutoka Whanganui, alikamatwa 1846 kwenye vita vya ardhi karibu na Wellington, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha maisha ng'ambo, yeye na wenzake wanne. Kifua kikuu kilimuua Julai 1847. Wenzake walirudishwa kwao 1848. Yeye mifupa yake ilisubiri hadi 1988, ndugu zake walipokuja kuichukua. Jiwe limebaki.

Mkubwa wangu akauliza, "Baba, aliiba nini?" Nikamsimulia habari za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ambaye Waingereza haohao walimpeleka Shelisheli 1899. Alifia huko 1903, na Waganda wakaletewa mwili wake 1910. Dawa ile ile: anayekusumbua, mpandishe meli.

Akanisikiliza vizuri tu, kisha akataka kujua kama Shelisheli kuna wombat.

Mkija, njooni na mablanketi ya maana, maana hata kiangazi usiku una baridi ya kung'ata. Na zipu za hema fungeni mpaka mwisho, msije mkawalisha wanyama dagaa wenu.