Barabara ichukue juu, gesi ya chini ibaki yako

Jumapili ile shemeji kanipigia simu, sauti imekauka, anasema barua imekuja, barabara ya kulipia inapita kwenye shamba lake la mbuzi kusini mwa Fort Worth, Texas, na wanataka asaini. Nikamwambia shemeji usiguse kalamu, nakuja.

Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea madini ni ya serikali, we una ardhi tu. Texas sivyo, mwenye ardhi anaweza kumiliki mafuta na gesi ya chini, tena anaweza kuviuza peke yake akabaki na shamba, kwahiyo kwanza tukakagua hati yake kama waliomuuzia walijibakizia. Hawakujibakizia. Na pale yuko juu ya Barnett Shale kabisa, ule mwamba wa chini wenye gesi, majirani wanakula mrabaha, yaani mgao wao wa gesi inayouzwa.

Alafu tukasoma hati waliyomletea, mezani jikoni, miwani moja tunapokezana, mstari kwa mstari. Ekari ipo, uzio upo, kisima cha maji kipo. Gesi hakuna neno hata moja, yaani akisaini hivyo nayo inaondoka na ardhi! Na hati za idara ya barabara ya Texas kawaida zina kifungu kwamba muuzaji anabaki na mafuta, gesi na salfa, ila hataruhusiwa kuingia juu ya hiyo ardhi kuchimba. Watu wakisikia haruhusiwi kuingia wanaona ndo basi tena, kumbe siku hizi kisima cha gesi kinatobolewa kwa jirani, kikifika chini kinakata kona kinaenda mlalo zaidi ya kilomita moja, kikipita chini ya lami mrabaha unamfata mwenye gesi. Ila hesabu maneno vizuri jamani, ni mafuta, gesi na salfa tu, mchanga na kokoto havimo, kama unavyo, vidai kwenye fidia.

Na ofa ya kwanza siyo amri. Ukikataa wanaenda mahakamani, jaji anateua makamishna 3 wenye ardhi wa kaunti hiyohiyo wapange fidia, usiporidhika unapinga, kesi inaweza kufika mpaka kwenye juri. Kuna na waraka wa haki za mwenye ardhi, unaandaliwa na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, lazima wakupe, shemeji wa kwake alikuwa ameuweka chini ya bili za umeme hajaufungua.

Karudisha hati bila sahihi na barua ya loya. Alhamisi wameleta nyingine, kifungu kipo ukurasa wa tatu. Bei bado tunabishana.