Kinyonga wa Tabora: achana na rangi

Kila nikiulizia namna ya kutofautisha vinyonga, jibu ni lilelile: angalia rangi. Ushauri wa hovyo kabisa. Kinyonga yuleyule wa Urambo, mkoani Tabora, mchana ni kijani kwenye mwembe, akikasirika anatia mabaka meusi, na usiku akilala kwenye ncha ya tawi anapauka hadi karibu na weupe. Ukifuata rangi, huyo mmoja utamwandika spishi tatu.

Katika misitu ya miombo ya huku, anayepatikana zaidi ni Chamaeleo dilepis. Wanaochanganywa naye ni C. gracilis (C. ni kifupi cha Chamaeleo), ambaye kwa Tanzania ni wa kaskazini, na C. laevigatus wa upande wa Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mimi huanza na dilepis, halafu natafuta sababu za kumkataa.

Natoka usiku, maana weupe ule unamfichua mbali. Tochi ya elfu kumi na kitu inatosha. Ila ukifika karibu, zima flashi ya simu! Flashi inayopiga kutoka mbele inafuta kila kitu, unabaki na picha ya mjusi laini. Mwenzako ashike tochi ubavuni, usawa wa mgongo wa mnyama, mwanga umpitie kwa mshazari. Hapo kila gamba linatupa kivuli chake na matuta ya kichwani yanasimama wazi. Laevigatus magamba yake ni laini na yanalingana. Kwa mwanga huo hutahitaji kubishana na mtu. Nimeonyesha ujanja huu kwa watu wenye kamera za bei mbaya, wakanyamaza.

Napiga picha nne: ubavu mzima, kichwa kutoka juu, koo kutoka chini, na kisigino cha mguu wa nyuma. Rula ya shule iwe pembeni.

Kutoka juu natafuta zile ngozi mbili nyuma ya kichwa. Za dilepis ni pana na zinainuka kama masikio ya tembo. Za gracilis ni ndogo mno au hazipo. Hakuna haja ya kumchokoza kwa kijiti. Sogeza kiganja taratibu kutoka ubavuni, atazipandisha mwenyewe na kuachama. Piga picha moja, umwache.

Mtego uko kwa watoto, ambao ngozi hizo bado ndogo. Tena wapo wakubwa wenye ngozi fupi, ambao Bocage, mtaalamu wa wanyama wa Ureno, aliwaita quilensis mwaka 1866. Wengine huwahesabu kama nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi ya dilepis, wengine kama spishi kamili. Mtoto mwenye ngozi ndogo naandika "Chamaeleo sp." tu, yaani spishi haijajulikana. Wanaolazimisha jina kamili ndio wanaoharibu orodha zetu.

Kisiginoni, dume la dilepis lina kijipembe, jike hana. Kwa hiyo kukosekana kwa kijipembe hakukatai dilepis. Ukingo mweupe wa magamba ya kooni, unaoshuka hadi tumboni, unasaidia kumtofautisha na laevigatus tu, kwa sababu gracilis naye anao.

Kuhusu majina kwenye vitabu vya zamani, usishtuke. Jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, hupangwa upya: Rieppeleon ilitengwa mwaka 2004, Kinyongia mwaka 2006, na Trioceros ikapandishwa kuwa jenasi mwaka 2009. Kinyonga wa pembe tatu aliyeandikwa Chamaeleo jacksonii sasa ni Trioceros jacksonii (Boulenger, 1896). Mabano hayo si pambo: yanaonyesha kwamba aliyempa jina alimweka katika jenasi nyingine. Dilepis wetu anaandikwa Chamaeleo dilepis Leach, 1819, bila mabano, kwa kuwa bado yumo katika jenasi ileile aliyowekwa siku hiyo.

Daftarini naandika jina nililotumia, mahali, tarehe na namba za picha. Jina likibadilishwa tena, picha ya kisigino ipo. Mnyama mwenyewe mwache tawini; kumkamata kunataka kibali.