Nilivyolinganisha Krauss na IDM kwenye foleni ya malori ya korosho Mtwara

Nimefurahi sana kumaliza hii kazi ya kulinganisha Krauss na IDM, modeli mbili za jinsi gari linavyolifuata la mbele yake, ila ule ushauri niliopewa mwanzoni bado unanikera. Kuna kaka mmoja aliyenitangulia kwenye mambo ya kusimuleti trafiki aliniambia "dogo we tumia IDM tu, Krauss ya kizamani hiyo", wakati Krauss ni ya 1998 na IDM ya akina Treiber, Hennecke na Helbing ni ya 2000, uzamani uko wapi hapo? Na SUMO, ile programu ya Wajerumani ya kusimuleti trafiki, ukiifungua bila kugusa kitu inakupa hiyohiyo Krauss.

Ramani nilishusha OpenStreetMap, nikaseti magari yapite kushoto, hapo hakuna stori.

Akaniambia tena niweke namba zilezile kwa modeli zote mbili, tau (muda anaoacha dereva kati yake na wa mbele) sekunde 1, minGap (nafasi ya gari na gari yakiwa yamesimama) mita 2.5, halafu nilinganishe. Nikafanya. Krauss foleni ikayeyuka yote, IDM ikabaki kidogo, kaka akashangilia eti umeona, IDM ndo mkweli. Mimi sikukubali hata kidogo, hiyo foleni naiona kwa macho kila msimu wa korosho, haifanani na yoyote kati ya hizo mbili! Nikakaa kusoma fomula mpaka nikaelewa. Krauss anajiuliza kitu kimoja, wa mbele akifunga breki sasa hivi nitasimama bila kumgonga? Kama ndiyo anakimbia mpaka mwisho wa huo usalama. IDM yeye kadiri spidi inavyokaribia ile dereva anayoitaka ndo anazidi kuachia nafasi, kwa hiyo ukimwandikia sekunde 1 barabarani anaacha zaidi ya hapo. Sasa ukiwapa tau moja unalinganisha nini?

Dawa yake ilikuwa chaki, nipime mwenyewe muda unaopita kati ya gari na gari. Asubuhi kabla magari hayajachanganya nikachora mstari mweupe kukata barabara, nikapanda ghorofani kwa jamaa wa duka la spea (nilimpa hela ya soda tu, akanipa na kiti), simu nikaifunga kwenye nondo ya dirisha ikawa inaangalia mstari. Trafiki akiruhusu upande wetu, narekodi. Simu inachukua picha 30 kwa sekunde, so nyumbani unasogeza picha mojamoja mpaka bampa ya mbele iguse chaki, unaandika muda, unaenda gari linalofuata, na magari manne ya mwanzo unayaacha maana hao bado wanaamka. Inachosha macho lakini aisee raha yake ni kwamba ile namba ni ya Mtwara, haijatoka kwenye kitabu cha mtu. Bajaji nazihesabu peke yake, malori peke yake, usichanganye.

Baada ya hapo kila modeli nikaichezea tau yake kivyake mpaka ikatoa muda uleule wa kwenye chaki, nikairan kwa sidi (namba ya kuanzishia bahati nasibu ya simulesheni) nyingi tofauti, ndo nikalinganisha vitu ambavyo sikuvigusa, urefu wa foleni na yale mawimbi ya kusimama-kuondoka huko nyuma. Hapo IDM ikawa laini mno, magari yanasogea kwa adabu kama wali wa harusini. Krauss na sigma yake (kiwango cha dereva kuzubaa) ya 0.5 ilikuwa na ule mshtuko wa dereva anayezubaa halafu anaruka, na ndivyo video yangu inavyoonyesha. Kwa hii barabara nimebaki na Krauss.

Bodaboda ni habari nyingine, hizi modeli zote zinafikiria magari yamefuatana kwa mstari mmoja, na boda anapita pembeni ya lori. Kwenye SUMO washa lateral-resolution leni igawanywe vipande kwa upana, la sivyo boda wako watapanga foleni, na nani amewahi kuona boda anapanga foleni?

Na lori tupu na lori lenye magunia vitenganishe kwenye vType, yaani aina ya gari ndani ya SUMO. Ile accel (uwezo wa gari kuongeza mwendo) ya 2.6 ni ya gari dogo, lori lililojaa korosho mimi niliishusha mpaka chini ya 1 ndo likaondoka kama lile la kwenye video.